Kitenzi na Uaminifu katika Masimulizi ya Kweli: Mfano wa Shauri la Ardhi ya Meru

Waandishi wengi huuliza kama mtu aweza kusimulia jambo lililotokea kweli kwa ufundi ule ule utumikao katika hadithi za kubuni, bila kuvunja uaminifu wake. Swali hili si geni katika Kiswahili. Kitabu cha Abdallah bin Hemedi chaitwa Habari za Wakilindi, hakiitwi hadithi. Shaaban Robert naye alikiita wasifu kitabu chake juu ya Siti binti Saad, kilichotoka mwaka 1958 katika nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Majina haya, habari na wasifu, ni ahadi kwa msomaji kwamba atakayoyasoma yalikuwako. Nia ya makala haya ni kuonyesha kwamba katika lugha yetu ahadi hiyo hutimizwa au huvunjwa hasa katika kitenzi, na mfano nitakaoutumia ni wa Mlima Meru.

Mambo yenyewe yajulikana. Mwezi wa Novemba 1951 Serikali ya kikoloni ya Kiingereza iliwatoa Wameru wapatao 3,000 katika nchi ya Engare Nanyuki, kaskazini-mashariki ya mlima, ili ardhi yao wapewe walowezi wa Kizungu. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alikwenda New York kulieleza shauri hilo mbele ya Umoja wa Mataifa, akisaidiwa na mwanasheria Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda. Wawili hao walitoa kitabu, The Meru Land Case, mwaka 1967. Mwaka ule ule Anton Nelson, Mmarekani aliyeishi na kufanya kazi kati ya Wameru, alitoa The Freemen of Meru. Mwaka 1974 Ismael Mbise, mwenyeji wa Meru, aliyafanya mambo hayo hayo kuwa riwaya, Blood on Our Land. Vyote vitatu viliandikwa kwa Kiingereza.

Vitabu hivi vyafaa kulinganishwa, maana tukio ni moja na ahadi ni tatu. Kitabu cha Japhet na Seaton chaahidi ushahidi: nguvu yake ni kwamba mmoja wa waandishi alidhulumiwa pamoja na wenzake, na mwingine alijua jinsi dhuluma inavyopangwa katika hati ili isikike barazani. Nelson aahidi macho ya mgeni aliye rafiki, na msomaji ajua tangu mwanzo kuyapima maneno yake kwa kipimo hicho. Mbise aahidi riwaya. Mtu akimlaumu Mbise kwa kubuni mazungumzo, amlaumu bure, kwa kuwa yeye amemwambia msomaji anachofanya. Lawama yamstahili yule atakayebuni kama Mbise kisha ajiite shahidi kama Japhet.

Sasa tuyatazame mambo haya kwa Kiswahili, maana atakayeyaandika kwa lugha hii atakutana na uchaguzi ambao hawezi kuukwepa. Je, watu wa Engare Nanyuki walihama, walihamishwa, au walifukuzwa? Je, nyumba zao ziliungua, zilichomwa, au watu waliotumwa na Serikali walizichoma? Sentensi hizi hazitofautiani kwa uzuri tu. "Walihama" yawafanya waliotendwa kuwa watendaji wa msiba wao wenyewe. "Walihamishwa" yakubali kwamba alikuwako mtenda, lakini yamficha. Tena neno lenyewe lina upole wa karani anayehamisha mafaili. "Ziliungua" ni mbaya kupita zote, kwani kitenzi cha namna hii hakimhitaji mtenda kabisa: nyumba huweza kuungua kwa cheche ya jiko. Nyumba za Engare Nanyuki zilitiwa moto kwa amri. Mwandishi aandikaye "ziliungua" hakubuni jambo hata moja, na hata hivyo amesema uongo.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaodhani kwamba ukweli ni kazi ya utafiti na ufundi ni pambo linaloongezwa baadaye. Kuchagua kati ya kuungua na kuchoma ni ufundi, na papo hapo ni utafiti, kwa sababu mtu hawezi kutumia kauli ya kutenda mpaka amemjua mtenda. Sarufi ndiyo imtumayo mwandishi kurudi kwa mashahidi kuuliza: nani aliyeshika kiberiti?

Jambo la pili ni kiambishi -ka-. Kila msimulizi wa Kiswahili akipenda, kwa kuwa chakimbiza habari na kumvuta msomaji. Lakini -ka- hudai kwamba tendo la pili lilifuata la kwanza, na mara nyingi humfanya msikilizaji adhani kwamba lilitokana nalo. Tukisema, "Kirilo alikwenda New York, akaueleza ulimwengu, ardhi ikarudi," masikio yaridhika. Viambishi viwili vya kwanza ni halali. Cha tatu si halali, kwani mwaka ule ardhi haikurudi. Kati ya safari na haki ipo miaka, na miaka hiyo yamezwa na silabi moja. Mwandishi mwaminifu atakata mnyororo hapo na kuanza upya kwa -li-, hata kama mwendo wa sentensi utapungua uzuri. Kupungua huko ndiko kutakakomwambia msomaji kwamba watu walingoja.

Tatu, yapo mandhari. Ajuaye Meru kwa barabara ya Arusha na Usa River huona migomba na kahawa, akadhani mlima wote ni hivyo. Engare Nanyuki iko upande usiopata mvua nyingi, nchi kavu ya malisho, na jina lake la Kimaasai lasema maji mekundu. Akiipamba kwa migomba, mwandishi ameandika mahali pengine. Hata mvua yahitaji shahidi. Novemba ni mwezi wa vuli, na yawezekana siku fulani ilinyesha. Lakini lililowezekana si sawa na lililotokea. Lugha imetupa njia ya halali kwa mambo kama haya: huenda, yamkini, nasikia, wasemavyo wazee. Maneno hayo hayaudhoofishi usimulizi. Humruhusu mwandishi kuwaza mbele ya msomaji waziwazi, badala ya kuwaza kwa siri na kuandika -li-.

La mwisho ni usemi wa mashahidi. Mzee wa Leguruki au King'ori aweza kusimulia kwa Kimeru, lugha iliyo jamaa ya Kichaga, na mwandishi akaandika kwa Kiswahili. Maneno yaliyomo ndani ya alama za kunukuu basi si maneno yake, ni tafsiri, na yapasa kusemwa hivyo. Nimesoma kazi za wanafunzi ambamo mkulima wa mlimani anena methali za jahazi na tanga kana kwamba alikulia Lamu. Huko si kumtukuza mzee. Ni kumnyang'anya sauti yake na kumvika kanzu ya azima.

Yafaa haya yasemwe sasa. Aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1951 amepita 80 leo, na waliobaki ni wachache. Ningependekeza kwamba kila anayekwenda kuwasikiliza ayaandike kwanza maneno yao kwa Kimeru, ayaweke Kiswahili chake pembeni, na ahifadhi yote mawili pamoja na jina la lugha na siku ya mazungumzo. Kisha awasomee wenyewe habari aliyoitunga, kitenzi kwa kitenzi, kabla haijapigwa chapa. Wakisema, "Hatukuhama," afute.