Hita inawaka, maji ni moto, kichwa kinauma

Kila hita ya gesi ya kuogea huja na karatasi ambayo hakuna anayeisoma hadi siku inapogoma. Ya dada yangu, anayeishi pande za Limuru, nimeisoma mara tatu, tena kwa hasira. Hita yenyewe haikuwa imegoma. Unafungua mfereji, tak-tak-tak, moto unashika, maji yanatoka ya moto. Shida ni kwamba mpwa wangu wa miaka saba alikuwa akitoka bafuni akilia kichwa, na Jumapili moja ya Julai akatapika. Tukasema ni mafua. Dada naye alipoanza kuumwa kichwa siku hiyo hiyo, ndipo tukaliangalia dirisha la bafu. Lilikuwa limezibwa kwa katoni, kwa sababu ya baridi.

Karatasi ina jedwali la hitilafu lenye mistari tisa. Haiwaki: badilisha betri. Haiwaki bado: angalia kama presha ya maji inatosha. Moto mdogo: fungua valvu ya mtungi, angalia rigileta, angalia mpira wa gesi kama umejikunja. Upande huu wa gesi ni mzuri, sina ugomvi nao sana. Ila wanapofika kwa moto unaofifia baada ya dakika kumi, wanasema tu "badilisha mtungi". Hapo watu wengi hurudisha dukani mtungi uliojaa nusu wakidhani wameibiwa. Gesi ya mtungini ni kimiminika, na ili igeuke mvuke inahitaji joto, ambalo inalitoa kwenye mtungi wenyewe. Ndiyo maana mtungi unatoka jasho. Butani huchemka karibu na nyuzi sifuri, kwa hiyo asubuhi ya baridi, mtungi mdogo wa kilo 6 ukivutwa na hita kubwa unapoa na presha inashuka. Uache upumzike, utashangaa: gesi "imerudi".

Sasa hewa. Katika mistari tisa, hewa imepata mmoja, wa nane: "Moto wa njano: hewa haitoshi, mwite fundi." Umewekwa chini ya mlio na juu ya mfereji unaovuja, kana kwamba ni suala la urembo.

Hebu tupige hesabu ambayo karatasi haikupiga. Ujazo mmoja wa propani unahitaji oksijeni mara tano, na kwa kuwa oksijeni ni asilimia 21 tu ya hewa, hiyo ni hewa kama mara 24. Hita ndogo ya lita 6 kwa dakika hula karibu kilo moja ya gesi kwa saa. Kilo hiyo inataka hewa ya kilo 15 na ushee. Limuru iko juu ya mita 2,000, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Mombasa, kwa hiyo kilo hizo zinakuwa mita za ujazo kama 16. Bafu la dada halifiki mita za ujazo 6. Ukioga dakika kumi na tano, hita imeshadai mita za ujazo 4. Watu wawili wakioga wakifuatana na dirisha limezibwa, hesabu imevuka chumba chote. Na moto hausubiri oksijeni iishe. Ikipungua kiasi tu, unaanza kutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayong'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ile harufu ya gesi tunayoijua hutiwa makusudi ili tugundue mtungi unaovuja, na inaungua pamoja na gesi. Pua haikusaidii hapa.

Mwimo wa mahali nao haumo kwenye karatasi kabisa. Kichomeo kilichopangwa kwa hewa ya usawa wa bahari, ukikileta huku juu, kinapata oksijeni pungufu hata dirisha likiwa wazi. Hita inauzwa Kenya nzima kwa karatasi ile ile.

Hata ule mstari wa nane una kasoro. Njano hutokana na chembe za masizi zinazong'aa kwa joto, hilo ni kweli. Lakini vumbi la kufagia pia hutia moto rangi ya machungwa kwa muda, bila neno. Na moto unaweza kubaki wa bluu huku chumba kinaharibika. Mafundi niliowasikia wakisema "gesi ni mbaya" kila waonapo njano, kisha wakaongeza presha kwenye rigileta, wanazidisha gesi mahali hewa ndiyo iliyopungua!

Ajabu ni kwamba kuhusu makaa hatuhitaji karatasi. Kila mtu hapa anajua jiko la makaa halilali ndani. Gesi tumeiita nishati safi mpaka tukasahau kwamba nayo ni moto unaopumua.

Jedwali limejengwa juu ya wazo kwamba hitilafu ni kukosa maji ya moto. Mstari wa kumi ningeuandika hivi, na ningeuweka juu kabisa kwa wino mwekundu: "Hita inafanya kazi, lakini waogaji wanaumwa kichwa au kichefuchefu bila homa, na wakitoka nje wanapata nafuu: zima, toeni wote nje, mwone daktari, usiiwashe tena."

Ya dada sasa imefungwa ukutani nje, nyuma ya jikoni. Fundi alituuliza mara mbili kwa nini tunahamisha kitu ambacho hakina shida.