Tongoni na Wageni Wake



Kabla hatujaingia katika maneno yetu, ningependa kukuuliza suala moja. Wewe uliyezaliwa Tanga, au uliyeoa au kuolewa Tanga, au uliye na jamaa zako Ngamiani, Chumbageni au Mwambani, umefika Tongoni mara ngapi? Sisemi kupita njiani ndani ya basi la Pangani. Nasema kufika hasa, ukashuka, ukaenda kwa miguu hadi kwenye ule msikiti wa kale na makaburi yake, ukasimama ukatazama. Wengi wetu, tukiulizwa hivyo, hucheka kidogo tukasema, "Inshallah, siku moja."

Suala hili nalileta kwa sababu kutembea na kutazama miji ya watu kumekuwa biashara kubwa duniani, na pwani yetu nayo inatakiwa iingie katika biashara hiyo. Hilo si baya. Lakini yafaa tupime kwanza: tunamwonyesha mgeni nini, tunamwambia nini, na sisi wenyewe tumo wapi katika habari hiyo.

Chukua mfano wa mbali. Kusini mwa Ufaransa, juu ya Bahari ya Mediterania, kiko kijinchi kiitwacho Monaco. Ukubwa wake ni kiasi cha kilomita 2 za mraba tu, hata mtu mwenye miguu mizima aweza kukizunguka asubuhi moja. Katika mwaka 1863 lilifunguliwa pale jumba kubwa la kamari, na tangu hapo mahali hapo pakapata sifa: matajiri, mashua za anasa, baadaye mashindano ya magari. Watu hutoka pembe zote za dunia kwenda kutazama. Lakini liko jambo ambalo wasifuji hawalitaji sana. Raia wa Monaco wenyewe wamekatazwa na sheria yao kucheza kamari katika jumba hilo. Kama kitu hicho ni chema, mbona wamewakinga nacho watoto wao? Wazee wetu husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Pale mwenyeji amepona kwa kuugua mgeni.

Sikuitaja nchi hiyo ili tuicheke. Nimeitaja kwa kuwa sisi tunayo kasoro iliyo kinyume cha hiyo. Vitu vya kutazamwa katika pwani ya Tanga ni halali tupu: msikiti, makaburi, pango, mto na kisiwa. Hapana sheria inayomkataza mwenyeji kuviendea. Na juu ya hivyo wengi wetu hatuviendei, na habari zake tumewaachia wengine watusimulie. Matokeo yake ndiyo ninayotaka kuyaeleza.

Tongoni iko kiasi cha kilomita 17 kusini ya mji wa Tanga, kwa njia ya Pangani. Jina lenyewe lasema: tongo ni mahali palipohamwa. Pale pana gofu la msikiti wa Ijumaa na makaburi kiasi cha 40, mengi yao yakiwa ni yale ya mnara, na mahali penye makaburi ya mnara mengi namna hiyo pamoja ni shida kupaona kwingine katika pwani yote ya Afrika ya Mashariki. Mji huo ulistawi katika karne ya 14 na ya 15. Minara mingi imekwisha kuanguka na kulala vipande vipande. Kuta za msikiti zimesimama baadhi yake, na dari haipo.

Sasa sikiliza namna mahali hapa panavyosimuliwa katika vitabu vya watalii na midomoni mwa wengi wenye kutembeza wageni. Jambo la mbele ni kwamba Vasco da Gama alipita hapa. Kwa hakika alipita. Katika Aprili 1498 merikebu yake moja, São Rafael, ilikwama juu ya mafungu mbele ya pwani hii, ambayo zama hizo ikiitwa Mtangata, ikakaa mpaka maji yalipojaa ikaelea. Alipokuwa akirejea kutoka Bara Hindi, katika Januari 1499, aliichoma moto merikebu hiyohiyo hapahapa, kwa kuwa mabaharia wake wengi walikuwa wamekufa na waliobaki hawakutosha kuendesha vyombo vitatu.

Hayo ni kweli, na yana faida kuyajua. Lakini huyo alikuwa mpita njia. Mji uliokuwa na msikiti wa Ijumaa, wenye khatibu na waumini na maiti wa kuzikwa kwa heshima, umefanywa kuwa kituo tu katika safari ya mtu aliyekwama. Hata katika habari hiyo ya Wareno limeachwa lililo bora. Mmoja wa wasafiri wake aliyeandika daftari la safari anaeleza kwamba, merikebu ilipokuwa imekwama, watu wa pwani walikwenda kwa mitumbwi wakiwapelekea machungwa, na akayasifu kuwa ni mazuri kuliko ya kwao Ureno. Nani asiyejua machungwa ya Muheza na Tanga hata hii leo? Mtoto wa Kitanga akiambiwa hilo atashika mambo mawili kwa mara moja: kwamba wazee wa hapa walikuwa wakulima, na kwamba walimfanyia hisani mgeni aliyeharibikiwa wasimjue nia yake. Hii ndiyo habari ya mwenyeji. Basi kwa nini hatuianzi sisi?

Na kuta zenyewe zina maneno kwa mwenye kuzisoma. Mihirabu imeelekea kaskazini, kwa sababu kibla cha pwani yetu ni upande huo. Mawe ni ya matumbawe yaliyotolewa baharini, na chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe hayohayo juu ya tanuri la magogo. Kazi ya watu wengi na siku nyingi. Juu ya makaburi utaona vishimo vya duara. Humo ziligandishwa bakuli za kaure kutoka China, nazo zilifika hapa kwa vyombo vya msimu, mkono kwa mkono, bandari kwa bandari. Vishimo vipo na bakuli hazipo. Zimebanduliwa. Aliyezibandua, awe nani, alitia mkono wake juu ya kaburi la Mwislamu akachukua pambo aliloekewa na watoto wake. Jambo hili likisemwa mbele ya wageni lisemwe hivyo lilivyo, wala lisipitishwe kama mzaha wa hazina iliyopotea.

Amma Mapango ya Amboni, yaliyo kaskazini ya mji kwa njia ya Mombasa, yana kasoro ya namna nyingine. Pale maneno ni mengi kupita kiasi. Husimuliwa kwamba pango hutokea Mombasa, na wengine hufika Kilimanjaro. Wataalamu walioyapima katika mwaka 1994 walihesabu mapango 10, na lililo refu lao halikuzidi kiasi cha mita 900. Je, ukweli huo wapunguza ajabu yake? Maji yamelila jiwe la chokaa tone kwa tone, dahari ya miaka, hata yakachimba vyumba ambavyo mtu husimama ndani akawa mdogo. Huo ni utendaji wa Mwenyezi Mungu usiohitaji kutiwa chumvi na kiumbe. Na mtoto aliyedanganywa kuhusu pango, siku atakapojua, hatatusadiki tutakapomwambia la kweli kuhusu msikiti.

Humo pangoni kuna pahala pa mzimu, watu huweka tunu wakiomba wapewe mtoto au waondolewe balaa. Wenye kutembeza huwaonyesha wageni kama jambo la kuchekesha au la kutisha. Mimi siwacheki wanaokwenda. Shida ni mwalimu mkali, na mwanamke aliyekosa mtoto miaka kumi ana uchungu asioujua mwenye kumcheka. Lakini yatupasa tumwambie ndugu yetu kwa upole kwamba jiwe halina la kumpa, na kwamba mlango wa kuomba ni mmoja. Kuigeuza dhiki ya mtu kuwa tamasha la kulipiwa si adabu, wala si dini.

Tuje Pangani. Hapa kasoro ni ya kunyamaza, na inatuhusu sisi zaidi ya mgeni. Mgeni huonyeshwa mto, majumba ya mawe na milango ya nakshi, akaambiwa kwamba mji ulikuwa na neema. Huambiwa pia habari za Abushiri bin Salim, na ni haki aambiwe. Mwezi wa Agosti 1888 kampuni ya Wadachi ilitaka kuutwaa mji, na wanahistoria wameeleza jinsi watu wao walivyoingia msikitini na mbwa. Watu wakaondoka kupigana, na Abushiri akanyongwa hapohapo Pangani Desemba 1889. Lakini neema ile ilitoka wapi? Ilitoka katika pembe za ndovu, na katika mashamba ya miwa ya bonde la mto, na mashamba hayo yalilimwa na watumwa. Abushiri mwenyewe alikuwa na shamba la miwa. Na watu walisafirishwa kutoka bandari ile kama shehena.

Najua wapo watakaosema, mambo hayo yanatumiwa na wengine kuutukana Uislamu, kwa hivyo bora tuyafunike. Mimi naona kinyume. Dini yetu imefanya kumwacha mtumwa huru kuwa ibada na kafara ya makosa. Basi aliyewafunga watu minyororo kwa ajili ya sukari atahukumiwa kwa mizani ya dini hiyohiyo, awe na jina gani na ukoo gani. Tukiyasema sisi, tutayasema kwa uadilifu: ushujaa tutauita ushujaa, na dhuluma tutaiita dhuluma, hata wakiwa ni mtu mmoja. Tukinyamaza, yatasemwa na asiyetupenda, na wajukuu wa wale watumwa, ambao ni jirani zetu na wakwe zetu, watajua kuwa tulinyamaza.

Huenda ukaniambia, Serikali ipo, Idara ya Mambo ya Kale ipo, wao ndio wa kutunza. Ni kweli, na shukurani wanastahiki. Lakini mbele ya Pangani kiko kisiwa cha Maziwe, na kinatupa funzo. Mwaka 1975 kilitangazwa kuwa hifadhi ya bahari. Wakati huo kilikuwa na miti, na kasa wakipanda kutaga mayai. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 miti ilikwisha na mawimbi yakakila. Hii leo ni fungu la mchanga, huonekana maji yakipwa na huzama yakijaa. Tangazo lilikuwapo, na kisiwa kikaondoka. Kuta za Tongoni nazo zina mvua, zina mizizi ya miti na hewa ya chumvi, na karatasi ya sheria haizuii mzizi kupasua ukuta. Kinachozuia ni watu wanaopajua mahali pao na kuuliza pakiharibika.

Mtume wetu (S.A.W.) aliruhusu kuzuru makaburi kwa kuwa humkumbusha mtu akhera. Basi ziara kwetu ni jambo la zamani kuliko utalii, na adabu zake zajulikana: kuwatolea salamu waliolala, kuwaombea, kutokalia kaburi wala kulikanyaga, kutowaomba wao. Siku moja ya mapumziko yatosha. Chukueni watoto na chakula chenu, ondokeni Tanga asubuhi. Wenye madrasa wapange na wanafunzi wao. Mkifika Tongoni waonyesheni watoto kibla, wahesabu makaburi, watie vidole katika vile vishimo vya bakuli, waelezwe habari ya machungwa. Msiwaache wachonge majina yao ukutani. Wakirudi, kila mmoja aandike aliyoyaona.

Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Mbacha wetu umechakaa, na pengine umetoboka, lakini wametusalia juu yake watu ambao hatujui hata majina yao. Mgeni naye akaribishwe aje, na fedha yake halali ipokelewe. Akija amkute mtoto wa Kitanga amesimama mlangoni mwa msikiti ule, aweza kumweleza ni wa nani.

Wabillahi tawfiq.