Sikio la Fundi wa Bwati

Injini ikiugua, mtaa mzima unajua. Inatoa moshi, inakohoa, asubuhi inagoma. Giaboksi, ambayo huku Beni tunaiita bwati, ni mgonjwa msiri. Inaweza kuumwa miezi mingi huku gari likiendelea kubeba abiria na magunia, na dereva, badala ya kushtuka, anaizoea. Anaanza kuiruka vitesi, yaani gia, ya pili bila hata kujijua. Anashikilia mti wa vitesi kwa mkono usiruke. Anaongeza sauti ya redio. Siku bwati inapokata kabisa, atakuambia kwa moyo mweupe kwamba imekufa ghafla.

Katika garaji zetu anayesifiwa ni fundi aliyeishusha hiyo bwati, akaitawanya juu ya gunia na kuirudisha ikatembea. Anastahili sifa zake. Mimi nataka kumsifu mwingine, yule aliyeisikia ikilia wakati ilikuwa bado inatembea.

Garaji ninazozisema ziko Mulekera, mojawapo ya komini nne za mji wa Beni, pamoja na Beu, Bungulu na Rwenzori. Garaji nyingi za huku ni kiwanja tu, mabati machache juu ya miti, na udongo uliokunywa mafuta mpaka ukawa mweusi. Magari yanayoletwa hapo ni Noah, Probox, Carina, na Fuso zinazobeba mbao na kakao. Karibu yote yalifanya kazi Japani kwanza, yakashushwa Mombasa, yakavuka Uganda mpaka Mpondwe na kuingia kwetu Kasindi. Ndiyo maana usukani uko kulia katika nchi inayoendesha kulia, na dereva anakaa upande wa mtaro na kuta za nyumba. Ajabu ni kwamba hili lina faida yake: kuta zinamrudishia sauti ya gari lake mwenyewe. Fundi mzuri analijua hilo. Akitaka kusikiliza bwati, hakupeleki uwanjani. Anakupitisha polepole kwenye njia nyembamba, vioo vimeshushwa.

Barabara zetu hazina huruma. Kutoka Kasindi hadi Beni ni kama kilomita 80, kutoka Beni hadi Butembo 54. Mwezi wa Juni 2021 marais wa Kongo na Uganda walikutana mpakani kuzindua kazi ya kuzitengeneza, lakini kizazi kizima cha magari kilikuwa kimeshakula tope na vumbi lake. Beni iko kwenye mita elfu moja na kitu juu ya usawa wa bahari, Butembo inapita 1,700. Maana yake gari lililojaa linapanda kwa vitesi ya pili na ya tatu, kona baada ya kona, na vitesi hizo ndizo zinazochoka kwanza.

Na kuna jambo ambalo dereva wa Dar es Salaam au Nairobi hana haja ya kulifikiria. Kule, bwati ikikata, unapoteza pesa na siku. Huku, tangu mauaji ya raia yalipoanza Oktoba 2014, mahali unapokwama pana uzito zaidi kuliko sababu ya kukwama. Mwaka 2021 magari ya kwenda Komanda yalikuwa yakisindikizwa na askari kwa msafara, na msafara haumsubiri mwenye ambreyaji, yaani klachi, inayoteleza. Kwa hiyo fundi anayekuambia leo kwamba gari hili lisivuke Eringeti, kwenye njia hiyo ya Komanda, hakulindii chuma peke yake.

Sasa mtazame akifanya kazi. Dereva anafika, anazima gari, anashuka.

“Mzee, bwati imekufa.”

“Imekufa ao inalia?”

“Inalia.”

“Inalia ukikanyaga ambreyaji, ao ukiiachia?”

Hapo kijana ananyamaza, kwa sababu hajawahi kusikiliza. Swali ni fupi, lakini limebeba nusu ya elimu yote ya kazi hii. Gari likiwa limesimama, injini inanguruma, vitesi imetolewa, sauti ya mkwaruzo ikasikika, kisha ikapotea mguu unapokanyaga, basi tatizo liko ndani ya bwati, kwenye rulma, yaani beringi, za shafti zinazozungushwa na injini, kwa maana ukikanyaga shafti hizo zinasimama. Kinyume chake, sauti inayozaliwa pale tu unapokanyaga inatoka kwenye rulma inayosukuma ambreyaji. Hiyo iko nje. Bwati itashushwa, ndiyo, lakini haitafunguliwa, na mwenye gari ataokoa fedha nyingi kwa jibu la swali moja. Fundi asiyeuliza atafungua vyote viwili, na mara nyingi ataharibu kilichokuwa kizima.

Ambreyaji yenyewe ina kipimo chake. Unafunga breki ya mkono, unaweka vitesi ya tatu, unaachia pedali taratibu. Injini inapaswa kuzimika. Ikiendelea kunguruma kana kwamba hakuna kilichotokea, disiki imekwisha, na mlimani utaona injini inapaza sauti lakini gari halisogei. Kipimo hiki kifanywe mara moja tu. Kukirudiarudia ni kuichoma disiki iliyobaki.

Mkwaruzo wa vitesi ya pili ni habari nyingine. Mpaka Cadillac ilipoleta sinkroni mwaka 1928, madereva duniani kote walikanyaga ambreyaji mara mbili kila wanapobadili vitesi, na waliokosea walisikika mbali. Sinkroni ni kipete, mara nyingi cha shaba, kinachofanya meno ya pande mbili yalingane mwendo kabla ya kushikana. Kipete kikilika, meno yanagongana. Wazee walioendesha malori ya zamani huishi na hali hii kwa sababu mguu wao bado unakumbuka. Vijana hulazimisha mti, na kila wanapolazimisha wanakula meno. Kuna kosa lingine linalofanywa kwa nia njema: kumwaga kwenye bwati mafuta mazito ya difu, yaliyoandikwa GL-5, wakati bwati nyingi za namna hii zinaomba GL-4. Dawa iliyomo kwenye yale ya kwanza inaweza kuitafuna shaba ile ile. Dumu linafanana, bei inakaribiana, na bwati inaumia kimya.

Ninachokipenda zaidi ni wakati wa vidanji, yaani kubadili mafuta. Fundi ninayemfikiria hamwagi mafuta ya zamani ovyo. Anayakinga kwenye kidumu kilichokatwa, anachovya vidole viwili, anatoka juani na kuyasugua polepole, kisha anapitisha sumaku aliyoitoa kwenye spika iliyokufa. Uji wa kijivu, laini, usiosikika kwenye ncha ya kidole, haumtishi. Ni uchakavu wa kawaida. Kipande kinachogonga ukucha kinamfanya akunje uso. Na vile vimetameta vya manjano ambavyo sumaku haivigusi, hivyo ni vipete vinavyoisha. Mafuta yakiwa meupe kama chai ya maziwa, anajua gari lilivuka dimbwi bwati ikiwa ya moto, ikapoa ghafla na kuvuta maji.

Halafu kuna kipumulio. Juu ya bwati pana kitundu kidogo cha kutolea hewa, na tope la huku hukiziba. Bwati ikipata moto, hewa inakosa pa kupita na inasukuma mafuta nje kupitia sili. Mwanafunzi anaona mafuta yanadondoka, anabadilisha sili. Baada ya wiki yanadondoka tena, anabadilisha tena. Mzee analala chini ya gari na kipande cha waya, anazibua kitundu, anajipangusa mikono. Kazi imekwisha, na hakuna kipuri hata kimoja kilichonunuliwa.

Za otomatiki nitazigusa kidogo tu, kwa kuwa bado wengi wetu tunaziogopa. Mafuta yake kwa kawaida huwa mekundu na maangavu. Yakigeuka kahawia na kunuka kuungua, ndani kuna vitu vinaungua kweli. Ukiweka R asubuhi na gari likafikiri kwanza kabla ya kurudi nyuma, hiyo ni dalili ya mapema, na mara nyingine ni upungufu wa mafuta tu. Fundi mwenye akili atapima na kunusa kwanza. Akikuambia hii siifungui, ipeleke kwa anayezijua, mshukuru. Kukataa nako ni ufundi.

Tunapenda kusema usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali inamhimiza anayeziba. Haimtaji aliyeuona ufa. Garajini ni hivyo hivyo. Desturi yetu ni kulipa kilichobadilishwa: disiki, rulma, sili, na kazi ya mkono ya kuvifunga. Mzee aliyezunguka na gari lako robo saa, akauliza swali moja, akazibua kitundu kwa waya, unampa asante na pengine bei ya soda. Yule aliyeshusha bwati nzima bila sababu anaondoka na dola zako. Halafu tunashangaa kwa nini vijana wanaojifunza kazi wanakimbilia spana kabla ya kusikiliza. Sisi ndio tuliowafundisha, kwa namna tunavyotoa pesa.

Ndugu mwenye gari, vitesi ya pili ikikwaruza Jumatatu, usingoje Jumamosi ya safari ya Kasindi. Zima redio, shusha kioo, sikiliza kama ni ukikanyaga ao ukiachia, upeleke jibu hilo garajini. Na fundi akikuambia hakuna cha kufungua, mlipe kama aliyefungua.