Kisiwa Kabla ya Sangara: Kumsoma Kitereza Nikiwa Mpanda

Tungo zetu nyingi za mazingira zinajua kukemea, hazijui kutaja. Sikiliza ngonjera za Siku ya Mazingira au shairi la mashindano ya shule. Utakutana na “miti”, “samaki”, “wanyama”, halafu agizo la kutotupa taka ovyo. Mti gani? Samaki yupi? Hatuambiwi. Sasa jamani, kitu ambacho hatukijui hata jina kikipotea, nani atashtuka?

Ndiyo maana nawarudisha kwenye kitabu ambacho wengi wetu tumekisikia zaidi ya tulivyokisoma: *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali*. Aniceti Kitereza, mwana wa kisiwa cha Ukerewe, alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945. Baadaye akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House wakakitoa mwaka 1980. Mwaka uliofuata alifariki. Kisa chake hakina mafumbo: mume na mke hawana mtoto, masimango ya ndugu wa mume yanawatenganisha, mume anahangaika hadi anamrudisha mkewe, wanatafuta dawa, wanajaliwa watoto.

Kitabu hiki husifiwa kama hazina ya mila. Sawa kabisa. Lakini mimi nakisoma pia kama kitabu cha mazingira, ingawa hakikuandikwa kwa nia hiyo. Kitereza akieleza namna ya kutengeneza pombe ya ndizi, haruki hatua. Wagonjwa wakitafuta tiba, mimea inaingia kwenye kisa kwa sababu kuna mtu anayeihitaji. Kwake hakuna mandhari ya kupamba ukurasa. Mgomba, mti na ziwa ni sehemu ya maisha ya nyumba ile, na msomaji anaona kwamba kimoja kikitoweka kuna jambo nyumbani litakwama. Hapo hatuhitaji tena kuambiwa “tutunze mazingira”.

Tazameni na tarehe. Mwaka 1945 sangara alikuwa bado hajapandikizwa Ziwa Victoria. Aliletwa miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameshatawala. Aina nyingi za furu zikatoweka. Mwishoni mwa miaka hiyo magugu maji nayo yakaingia. Ongeza makokoro, nyavu za timba na chupa za plastiki zinazosukumwa na mawimbi hadi ufukweni. Tarehe 1 Juni 2019 Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki, ila chupa na vipande vya nyavu havikuwemo kwenye marufuku hiyo. Kwa maneno mengine, kitabu kilifika kwa wasomaji wakati ule ule ziwa ambalo mwandishi alilijua lilipokuwa linabadilika. Bila kukusudia, alituachia kipimo cha hasara.

Kasoro zipo. Maelezo hurefuka mpaka kisa kinasimama, na msomaji wa leo anaweza kuchoka. Kubwa zaidi, kisa kimewekwa katika nyakati za kabla ya ukoloni, wakati alipokuwa akiandika ukoloni ulikuwa umekaa karibu nusu karne. Hamu ya kuhifadhi ilimfanya ayaache mabadiliko nje ya mlango. Kisiwa alichotuachia ni kizima. Nani alianza kukivunja, hatuambii.

Mtu ataniuliza: Mpanda na visiwa wapi na wapi? Nami namwambia aitazame Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974, yenye kilomita za mraba 4,471. Siku hizi nayo ni kisiwa, ila kinachokizunguka si maji bali mashamba, mifugo na makazi. Mto Katuma unaoinywesha hifadhi unachepushwa huko juu kwa ajili ya mpunga, na kiangazi kikikaza viboko wanabanana kwenye matope. Upande wa magharibi, Karema, kuna mgebuka, ambaye ni wa ukoo mmoja na sangara. Ziwa Tanganyika ndiko kwao, amekaa humo bila kuwamaliza wenzake. Sangara alikuwa mgeni, akala wenyeji. Na hata huyu mgebuka sasa anahitaji kupumzishwa: mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulifungwa kwa miezi mitatu kuanzia tarehe 15 Mei, ili samaki wazaliane.

Haya yote tunayasoma kwenye taarifa za habari. Riwaya ya Kiswahili inayomtaja mgebuka, Katuma na mpunga ndani ya nyumba ya watu, kama Kitereza alivyofanya kwa Ukerewe, mimi sijakutana nayo. Waandishi wa Katavi, msituandikie ombi jingine la kupanda miti. Tuandikieni mvuvi wa Karema anayejua kwa nini wavu wake umerudi mtupu. Tuandikieni bibi wa Kibende anayemtuma mjukuu porini akachimbe mzizi fulani, kwa jina lake, na mjukuu akarudi mikono mitupu. Hao wazee bado wapo, na majina bado wanayo. Kitereza hakungoja ziwa libadilike ndipo aanze kuandika.

Na wewe msomaji, ukibahatika kupata nakala, tafadhali usizirukie zile kurasa za pombe na dawa.