Amani ya Mfalme

Kiingereza kina amani tatu, na zote huandikwa "peace". Ya kwanza haitanguliwi na kitu: ni ile ambayo mtu huiombea nchi yake au moyo wake. Ya pili hutanguliwa na "a", nayo si hali bali ni mapatano, amani iliyotiwa saini mbele ya mashahidi. Ya tatu hutanguliwa na "the", na hiyo ina mwenyewe. Anayejifunza Kiingereza hufundishwa vijineno hivi mapema, kisha akavizoea kama vumbi la njiani. Kwenye neno hili, vumbi ndilo lenye habari.

Tuanze na ya pili, maana ndiyo iliyo karibu zaidi na shina. "Peace" iliingia Uingereza kwa vinywa vya Wanormani waliomshinda Mfalme Harold mwaka 1066. Kabla yao watu wa kisiwa kile walikuwa na neno lao, "frith", ambalo lilififia taratibu. Wanormani nao walikuwa wamelirithi neno lao kutoka "pax" ya Kilatini, na "pax" ni ndugu wa "pactum", yaani mapatano. Ndiyo maana Mwingereza huweza kusema "the Peace of Westphalia" akimaanisha mikataba ya 1648 iliyokomesha Vita vya Miaka Thelathini. Ukiitafsiri "Amani ya Westphalia", msikilizaji atadhani unasifu kijiji kisicho na wezi. Sisi tunasema Mkataba wa Westphalia. Kwetu karatasi ni mkataba, na amani ni kile tunachokisubiri baada ya wino kukauka.

Tofauti hii ilimponza Neville Chamberlain. Tarehe 30 Septemba 1938 alitua uwanja wa ndege wa Heston akitokea Munich, akapunga karatasi yenye saini yake na ya Hitler, na baadaye siku hiyohiyo, akiwa dirishani Downing Street, akatangaza "peace for our time". Alichokuwa nacho mkononi ni "a peace", mapatano ya watu wawili. Alichokitangaza ni "peace" bila chochote mbele yake, hali ya dunia nzima. Laiti sarufi ingekuwa mahakama, angeshtakiwa kwa kudondosha herufi moja. Wengi humnukuu vibaya, wakaweka "in" mahali pa "for", wakidhani ni mamoja. Si mamoja. "In" ingesema tu kwamba amani imo ndani ya zama zetu. "For" inasema tumepimiwa ya kututosha, kama posho. Posho ile ilidumu miezi kumi na moja.

Jambo jingine la kuchunguza ni vitenzi. "Peace" yenyewe haina kitenzi kinachotembea nayo kwa heshima. Shina lake limezaa vitatu, na sioni hata kimoja cha kujivunia. "Pacify" ni kutuliza kwa mabavu, neno lililopendwa na maofisa wa kikoloni walipoandika ripoti za safari za kijeshi. "Appease" ni kumpoza mbabe kwa kumpa cha jirani, na ndicho kitenzi alichobandikwa Chamberlain hadi leo. Cha tatu ni "pay", kulipa, kwani asili yake ni kumtuliza anayekudai. Mpige, mhonge, mlipe: familia nzima ya vitenzi, na hakuna hata kimoja kinachohitaji mwenzako akubali.

Kiswahili hakijalitegemea neno amani kwa kazi ya kupatanisha watu. Kina mkia wa -ana: patana, elewana, sameheana, suluhishana. Vitenzi hivi havitendwi na mtu mmoja; huwezi kupatana peke yako. Na ukitafuta jamaa wa damu wa amani, neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, utawakuta imani, amana na amini, kisha aminiana. Amani kwa ukoo wake ni pale ninapoweza kukuachia mlango wazi, au kukuwekea fedha zangu nikasafiri. Sitaki kulifanyia neno tambo. Watu wenye maneno mazuri wamechinjana kama wengine. Ila ukoo wa neno huacha harufu, na harufu hiyo inaingia hata neno linapotumiwa kwa jambo jingine.

Jambo hilo jingine ni amani ya tatu. Katika sheria ya kale ya Uingereza, mhalifu hakumkosea jirani tu, alivunja amani ya mfalme. Mwaka 1361, enzi za Edward wa Tatu, ikatungwa sheria ya kuweka mahakimu wa kuilinda amani hiyo katika kila jimbo. "The" hapo ni kidole: ile mnayoijua, ya mwenye enzi. Halafu ndani ya neno hilo mna kimya. Kwenye tamthilia za Shakespeare mhusika akipaza sauti "Peace!" hamtakii mtu heri, anamwambia anyamaze. "Hold your peace" ni funga mdomo. Kwa hiyo Mwingereza anaposikia kwamba jirani yake amevunja "the peace", anafikiria kelele za saa nane za usiku na askari aliyeitwa kuzizima. Ni kosa, lakini halijamtikisa mtu imani.

Sheria hiyo ilisafiri na Waingereza hadi kwetu, ikakuta lugha isiyo na "the". Kenya, magazeti huandika kwamba mshtakiwa alizua fujo kwa njia ambayo ingevuruga amani. Tanzania husema uvunjifu wa amani. Nalipenda zaidi neno la Wakenya. Maji yakivurugwa hutulia. Kilichovunjwa kinataka fundi. Tena hilo umbo la uvunjifu ni la kuangaliwa. Aliyevunja sheria ni mvunjaji, kwa tendo lake la siku ile. Mvunjifu amekaa benchi moja na msahaulifu, mharibifu na msumbufu, na msahaulifu si mtu aliyesahau ufunguo mara moja. Kiambishi kinamgeuza mtu kuwa tabia. Hivyo kosa dogo la barabarani limepita milango miwili: kwanza limepoteza "the" na kuangukia kwenye neno lenye undugu na imani, kisha limepewa mkia unaolifanya kuwa silika ya mshtakiwa.

Lakini mkanganyiko huenda pande zote. Vitabu vya watalii huiita Dar es Salaam "Haven of Peace", ilhali anayesema Bandari Salama anasifu maji yasiyozamisha jahazi. Na tunapotaka, tunajua kutofautisha. Tanzania, hakimu anayepokea maelezo ya ungamo huitwa mlinzi wa amani. Askari wa Umoja wa Mataifa ni mlinda amani. Mlinzi ana cheo, mlinda ana kazi. Kikosi cha polisi wa huko cha FFU, yaani Field Force Unit, chenyewe hakikujiita cha amani, kiliitwa cha kutuliza ghasia, na raia wakazifasiri zile herufi tatu za Kiingereza kwa usahihi kuliko kamusi: Fanya Fujo Uone.

Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, kwa hiyo swali hili si la walimu wa isimu tu. Mimi ningepewa Kanuni ya Adhabu niitafsiri, amani ningeiacha kwenye sala na salamu, na "the peace" ningeiandika utulivu wa hadharani. Ni maneno makavu, hayaimbiki. Lakini kijana aliyegombana na kondakta stendi angesimama kizimbani asomewe kwamba amevuruga utulivu wa hadharani, na angeweza kuitikia kwa kichwa, maana ndicho alichofanya.