Heko kwa Wahunzi wa Ufipa

Wapenzi wa silaha za kale husaka bastola za enzi ya Wajerumani. Mimi, nikiwa hapa Kate, Ufipa, pongezi zangu nazipeleka kwa waliotupatia mkuki na jembe: wayeyusha chuma wa Kifipa. Tanuri lao, ilungu, lilijengwa kwa udongo, likafika mita 3 kwenda juu, wala halikuhitaji mivukuto. Hewa iliingia yenyewe kupitia matundu ya chini. Chuma kilichopatikana kilisafishwa tena kwenye kintengwe, tanuri dogo lenye mivukuto, ndipo mhunzi akakifua. Ufundi ulioje! Lakini baadaye majembe ya viwandani yaliwanyang'anya mafundi hao soko. Profesa Bertram Mapunda, aliyetafiti na kuandika historia hii, namshukuru sana. Malungu yaliyobaki yawekewe ulinzi sasa.