Nani Mwenye Neno? Kigezo cha Bechdel na Mazungumzo ya Wanawake katika Filamu Mbili za Sembène Ousmane

Hukumu moja imeanza kuzoeleka katika tasnifu za wanafunzi wetu wa uzamili: kwamba filamu fulani imefaulu mtihani wa Bechdel, au imeanguka. Aghalabu hukumu hiyo huambatanishwa na dakika ambapo wanawake wawili walisemezana, na hapo mtafiti huweka kalamu chini. Mwandishi wa makala haya ni miongoni mwa wasimamizi waliopitisha kurasa za namna hiyo bila kuzihoji. Makala haya yananuia kuzihoji. Hoja yetu ni kwamba kigezo hiki chafaa kufungulia uhakiki, lakini hakifai kuufungia.

Yafaa kwanza tukumbuke asili yake. Mnamo mwaka wa 1985 mchoraji Mmarekani Alison Bechdel alichora kibonzo ambamo mhusika mmoja anamweleza mwenzake kwamba haendi kutazama filamu isipokuwa imetimiza masharti matatu: iwe na wanawake wasiopungua wawili; wanawake hao wazungumze wao kwa wao; na wazungumzie jambo jingine lisilokuwa mwanamume. Bechdel mwenyewe alikiri kwamba wazo hilo alilipata kwa rafiki yake, Liz Wallace. Mizizi yake ni ya kale zaidi, kwani Virginia Woolf, katika A Room of One's Own (1929), alikuwa amekwisha kulalamika kwamba wanawake wa fasihi huonyeshwa takriban siku zote kwa uhusiano wao na wanaume. Mzaha ule wenye uchungu ukaja kugeuka mizani: mwaka wa 2013 baadhi ya kumbi za sinema nchini Uswidi zilianza kuwajulisha watazamaji ni filamu zipi zilizotimiza masharti hayo.

Si haki kukibeza kigezo hiki. Nguvu yake ni ya jumla. Filamu mia moja zikipimwa na nyingi zikashindwa kutimiza masharti mepesi kiasi hicho, basi kasoro si ya mswada mmoja bali ya tasnia nzima. Tatizo huzuka pale kipimo cha wengi kinapofanywa hukumu ya kazi moja.

Tuanze na La Noire de... (1966). Diouana, msichana wa Dakar, anasafirishwa na waajiri wake Wafaransa hadi Antibes akitarajia kulea watoto, lakini anajikuta amefanywa mpishi, mfagiaji na mfuaji. Sehemu kubwa ya yanayosemwa katika nyumba hiyo ni baina ya wanawake wawili, yeye na bibi mwenye nyumba, na yanahusu chakula, usafi na mavazi. Tukiyahesabu masharti yale matatu, filamu imefaulu. Hata hivyo, tukizichambua semi zenyewe twaona kwamba upande mmoja ni amri na karipio, na upande wa pili ni itikio la neno moja au mawili. Ufasaha wa Diouana umo katika usemi wake wa ndani, ambao mtazamaji anausikia lakini hakuna yeyote nyumbani mle anayeusikia. Mahali ambapo mmoja huamuru na mwingine huitika, hapana mazungumzo hata kama pana sauti mbili.

Tukio la barua linalikoleza jambo hili. Barua kutoka kwa mama yake inapowasili, Diouana hajui kusoma. Bwana wa nyumba ndiye anayeisoma, na ndiye anayeketi kuandika jibu kwa niaba yake kabla yeye hajasema anachotaka kumwambia mama. Diouana anachana barua. Kigezo cha Bechdel hakina la kusema kuhusu tukio hili, kwa kuwa hakuna wanawake waliosemezana. Ilhali hapa ndipo Sembène anapoeleza kwa uwazi mkubwa zaidi masaibu ya mhusika wake: hata maneno ya mama na bintiye yanapitia kinywani mwa mwanamume, tena mwajiri. Baadaye Diouana anakataa kutumika na, hatimaye, anajiua. Mhakiki anayehesabu maneno ataona ukimya huo kuwa upungufu. Kumbe ni uamuzi, japo wa mtu aliyenyimwa maamuzi mengine yote.

Moolaadé (2004), iliyotungwa karibu miongo minne baadaye, inalitazama suala hili kutoka upande wa pili. Katika kijiji kimoja cha Afrika Magharibi, wasichana wanne wanaokimbia kukeketwa wanaomba hifadhi kwa Collé Ardo, mke wa pili wa Ciré. Collé anafunga kamba mlangoni mwa boma na kuwaweka chini ya himaya ambayo yeye peke yake, kwa neno la kinywa chake, aweza kuiondoa. Filamu hii imejaa mazungumzo ya wanawake: Collé na Hadjatou, mke mkubwa, ambaye anaanza kwa tahadhari na kuishia upande wake, Collé na mangariba wanaokuja kuwadai wasichana. Majibizano na mangariba yanatimiza masharti yote matatu. Lakini mangariba, ingawa ni wanawake, wanatetea mila inayolindwa na baraza la wazee. Kwa hiyo kuwepo kwa wanawake wanaosemezana si dhamana ya ukombozi.

Kilele cha filamu hakimo katika mazungumzo yoyote. Ciré, kwa shinikizo la kaka yake, anamchapa Collé viboko hadharani ili atamke neno la kuondoa himaya. Hatamki. Wazee wanalijua vyema thamani la jambo hili. Ndiyo maana wanaamuru redio za wanawake zikusanywe na kuchomwa moto. Wanachokiogopa ni maneno yanayowafikia wanawake bila kupitia kwao.

Sharti la tatu, la kutomzungumzia mwanamume, linahitaji tahadhari ya pekee. Msomaji wa Kiswahili atakumbuka Utendi wa Mwana Kupona (1858), ambamo mama anamuusia bintiye, na sehemu kubwa ya wasia ni namna ya kukaa na mume. Kwa sharti hilo, beti hizo zote zingeanguka. Wahakiki wameujadili sana utendi huu, wengine wakiuona kuwa sauti ya utiifu, wengine wakiusoma kama maarifa ya mwanamke anayemfundisha mwanamke mwenzake namna ya kuishi chini ya mamlaka asiyoyaweka. Mjadala huo wote ungezimwa kwa neno moja, "umeanguka". Vivyo hivyo, wake wenza wa Moolaadé hawana budi kumtaja Ciré, kwa sababu ruhusa na kiboko vimo mkononi mwake. Kumtaja mwenye mamlaka si lazima kuwe ni kumtii.

Tunapendekeza basi kwamba mwanafunzi akishamaliza kuhesabu, aulize maswali matatu zaidi. Nani anayeanzisha mazungumzo na nani mwenye uwezo wa kuyakataa? Maneno ya mwanamke yanamfikia mwenzake moja kwa moja, au kwa idhini na mkono wa mwingine? Na baada ya kusemwa, au kukataliwa kusemwa, ni nini kinachobadilika? Kwa maswali haya, filamu iliyofaulu yaweza kuonekana imemnyima mwanamke kauli, na kimya cha dakika tano chaweza kuwa ndicho usemi mzito kuliko yote. Tasnifu isiyofika hapo haijafanya uhakiki, na sisi wasimamizi tuirudishe kwa mwenyewe.